Kiunzi Kinachojua Kuondoka



Mafundi wanapotaka kumimina zege la nguzo, hutangulia kupigilia mbao zitakazolipa zege hilo umbo. Mbao hizo, ambazo waashi wetu huziita kofraji, hazitakuwa kamwe sehemu ya jengo. Zikiondolewa mapema, nguzo huporomoka. Zikiachwa mahali pake, huoza na kukaribisha mchwa. Nimeona vema nianze na mbao hizo kwa sababu ya kazi ninayotaka kuizungumza, yaani kazi ya wataalamu wanaojaribu kuuotesha upya mshipa wa damu ndani ya mwili wa mwanadamu. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ilipiga hatua yake kubwa siku walipoacha kutafuta bomba la kudumu na kuanza kutafuta kofraji: kiunzi kinachoupa mwili umbo la kufuata, kisha kikaondoka. Najua kwamba magazeti hupendelea kusimulia habari za majani ya mboga. Nitayafikia majani hayo.

Kabla ya kufikiria kuotesha mshipa, watu walipaswa kwanza kujifunza kuushona. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji wa Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa tumboni, naye akafa kwa kutokwa na damu, kwa kuwa wapasuaji wa wakati ule hawakuwa na njia ya kuaminika ya kuunganisha mshipa uliokatika. Katika mji huohuo alikuwapo kijana aliyesomea udaktari, Alexis Carrel, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Lyon ulikuwa mji wa hariri na wa watarizi. Carrel akaenda kwa mwanamke mmoja, fundi wa kutarizi, ajifunze namna ya kutumia sindano nyembamba na uzi mwembamba. Mwaka 1902 alitangaza njia yake: mishono mitatu huwekwa kwa nafasi sawa kuuzunguka mdomo wa mshipa, kisha nyuzi zake huvutwa, na mdomo uliokuwa mviringo hugeuka kuwa pembetatu. Upande ulionyooka hushoneka kwa urahisi kuliko mviringo unaoteleza. Mwalimu wa jiometri hawezi kuisikia habari hiyo bila kutabasamu. Carrel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912, na wapasuaji wangali wanashona kwa msingi alioujenga. (Baadaye, katika kitabu cha mwaka 1935, aliandika juu ya wahalifu na wagonjwa wa akili mambo ambayo Mkristo hawezi kuyakubali. Ustadi wa mikono na heshima kwa mwanadamu havikai daima katika nyumba moja.)

Uzi wa hariri ndio uliofungua pia sura iliyofuata. Mwaka 1947, huko New York, daktari Arthur Voorhees aliona kwamba uzi wa hariri uliokuwa umebaki ndani ya moyo wa mbwa wa majaribio ulikuwa umefunikwa na utando laini unaong'aa, kana kwamba mwili umeuvika nguo. Akajiuliza: ikiwa uzi mmoja hufunikwa hivyo, je, kitambaa kizima hakitafunikwa? Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya mirija ya kitambaa cha nyuzi za plastiki iliyowekwa badala ya mshipa mkuu wa mbwa. Katika miaka hiyohiyo Michael DeBakey, mpasuaji wa Houston, alikwenda dukani kununua kitambaa cha nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha, akachukua Dacron iliyokuwapo, akaishona mirija kwa cherehani. Mirija ya namna hiyo imewaokoa watu wengi, na baadhi yao wameishi nayo miaka mingi.

Hata hivyo mafanikio hayo yana mpaka, nao hupimwa kwa milimita. Katika mshipa mkuu unaotoka moyoni, wenye upana wa zaidi ya sentimita 2, damu hupita kwa wingi na kwa nguvu, nayo huuosha ukuta wa mrija. Lakini mrija wa plastiki ukiwa na upana wa chini ya milimita 6, matokeo hubadilika: damu inayopita ni kidogo, hugusana sana na ukuta mgeni, kisha huganda na kuziba njia. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa milimita 3 au 4 tu. Kwa hiyo mahali ambapo mshipa mpya unahitajika zaidi ndipo plastiki inaposhindwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Tusidhani kwamba ni magonjwa ya matajiri wa Ulaya.

Kwa nini plastiki hushindwa? Kwa sababu mshipa si bomba. Ndani kabisa una utando wa seli zilizopangwa bapa kama vigae, na utando huo haukai kimya: hutoa kemikali zinazoizuia damu isigande na zinazouamuru mshipa upanuke au ubane. Katikati mna misuli laini pamoja na nyuzi za elastini, protini inayovutika na kurudi kama mpira. Nje mna kolajeni, protini ngumu inayouzuia mshipa usipasuke. Moyo hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, na kila pigo huutanua mshipa kidogo. Mrija mgumu wa plastiki hautanuki. Basi pale ulipounganishwa na mshipa wa kweli, upande mmoja hucheza na upande wa pili umekakamaa. Tishu ya kiungo hicho hukasirika, huongezeka unene, na njia hufinyika. Mirija hiyo iliiga umbo la mshipa bila kuiga kazi yake.

Mwaka 1999 Laura Niklason na wenzake, huko Marekani, walijaribu njia nyingine. Walichukua seli za misuli za mshipa, wakazipanda juu ya mrija wa plastiki inayoyeyuka, ileile inayotumika kutengeneza nyuzi za kushonea zisizohitaji kutolewa. Mrija ulizamishwa katika kimiminika chenye lishe, ukapigwa mapigo 165 kwa dakika, yaani karibu na mwendo wa moyo wa mtoto angali tumboni mwa mama yake. Baada ya majuma 8 kiunzi kilikuwa kinayeyuka, na mahali pake palikuwa na ukuta uliofumwa na seli zenyewe. Mishipa iliyokuzwa kwa mapigo ilikuwa imara kuliko ile iliyokuzwa katika utulivu. Tafakarini hilo kidogo: seli ziliujenga mshipa vema zaidi zilipotikiswa kama zinavyotikiswa katika uhai.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 2000, huko Tokyo, kundi la Toshiharu Shin'oka lilimpa msichana wa miaka 4 kipande cha mshipa wa mapafu kilichotengenezwa kwa seli za vena yake mwenyewe, zikiwa zimepandwa juu ya kiunzi cha kuyeyuka. Kwa mtoto jambo hilo lina uzito wa pekee. Mrija wa plastiki haukui. Mtoto hukua, na huenda akalazimika kupasuliwa tena kwa sababu tu mwili wake umeuacha mrija nyuma. Kisha wapasuaji haohao waliwatibu watoto na vijana wengine kwa njia iliyofanana na hiyo. Katika taarifa yao ya mwaka 2010 juu ya wagonjwa 25, hakuna aliyekufa kwa sababu ya mshipa huo. Wanne walipatwa na mfinyo wa mshipa, wakatibiwa kwa kupanuliwa kwa puto.

Mwaka huohuo wa 2010 kundi la Christopher Breuer, lililokuwa Yale, lilitangaza jambo ambalo mimi hulihesabu kuwa ndilo kiini cha habari yote. Walifuatilia katika panya zile seli zilizopandwa juu ya kiunzi, wakiamini kwamba ndizo zinazokuwa mshipa mpya. Zilikuwa zimetoweka baada ya siku chache! Kazi yao ilikuwa kuita tu. Ziliita seli nyeupe za damu, ambazo huwahi penye jeraha, na hizo zikaita seli za mshipa wa jirani, na hao majirani ndio waliojenga. Mshipa mpya haukutengenezwa na daktari na kuingizwa mwilini. Ni mwili wenyewe ulioujenga, kwa njia ileile unayotumia kuponya kidonda. Kiunzi kilitoa nafasi, umbo na muda.

Muda nao ulikuja kuwa jaribu. Katika majaribio ya kwanza kwa wagonjwa huko Marekani, mishipa mipya ilifinyika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na kazi ikasimamishwa. Breuer, akishirikiana na Jay Humphrey, mhandisi wa Yale, alitumia hesabu za kompyuta kuchunguza mfinyo huo. Hesabu zilitabiri kwamba ungefunguka wenyewe kadiri kiunzi kinavyoyeyuka na uvimbe wa uponyaji unavyotulia. Walijaribu kwa kondoo, na mwaka 2020 walitangaza kwamba ndivyo ilivyokuwa: mshipa uliofinyika katika majuma ya mwanzo ulifunguka katika miezi iliyofuata, bila puto wala kisu. Watu walikuwa wamekaribia kuiacha njia nzuri kwa sababu waliitazama mapema mno, mithili ya mwenye nyumba anayepiga kelele kwamba nguzo ni mbaya wakati zege bado ni bichi.

Sasa majani. Mwaka 2017 Joshua Gershlak, Glenn Gaudette na wenzao wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, walipitisha maji yenye sabuni maalumu katika jani la spinachi mpaka seli zote za mmea zikasafishwa. Likabaki jani jeupe linalopenya nuru, lenye mtandao wake wote wa mishipa. Wakapitisha rangi nyekundu katika mishipa hiyo, wakapanda ndani yake seli za binadamu za utando wa mshipa, na juu ya jani seli za misuli ya moyo. Seli hizo za moyo ziliendelea kudunda kwa muda wa hata majuma matatu. Picha ya jani jeupe lenye mishipa myekundu ilizunguka dunia, nami siwalaumu walioishangaa. Spinachi ni ndugu wa lengalenga tunayoipika nyumbani. Ni za jamii moja ya mimea.

Wazo lenyewe lina msingi wa kweli. Mwaka 1926 mwanasayansi wa Marekani, Cecil Murray, alikokotoa kwamba mshipa unaogawanyika bila kupoteza nguvu hufuata kanuni: mchemraba wa nusu-kipenyo cha shina ni sawa na jumla ya michemraba ya nusu-kipenyo cha matawi yake. Kwa kanuni hiyo, mshipa wenye upana wa milimita 10 ukigawanyika kuwa matawi mawili yaliyo sawa, kila tawi litakuwa na karibu milimita 8, wala si 5 kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba mishipa ya maji ya mimea mingi nayo hufuata kanuni hiyo. Mnaosoma hesabu, chukueni kalamu mthibitishe. Na hakuna kiwanda kinachoweza kwa urahisi kutengeneza mtandao unaoanzia kwenye kikonyo na kuishia katika vijishipa vyembamba kuliko unywele. Tatizo hilo si dogo, kwa maana seli ya mwili iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita hufa kwa kukosa oksijeni. Mwenye kutaka kuotesha kipande kinene cha moyo au cha ini, sharti kwanza awe na mishipa.

Licha ya hayo, mimi siliwekei jani tumaini kubwa, nami nina sababu mbili. Kwanza, njia ya jani ni ya kwenda tu: maji huingia kwa kikonyo na kutoka kama mvuke kupitia vitundu vya jani. Damu haiwezi kuondoka kama mvuke. Inahitaji njia ya kurudi moyoni. Pili, kiunzi cha jani ni selulosi, nao mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Maana yake ni kofraji isiyobomoleka. Jani limetuonyesha ramani nzuri sana ya mishipa, lakini kwa swali la kuondoka, ambalo ndilo lililoamua mambo huko Tokyo na Yale, halina jibu bado.

Na hapa niseme jambo kwa ukali kidogo. Kila habari ya namna hii ikifika kwetu, hafikwi mbali mfanyabiashara wa chupa. Atawaambia wazazi wenu kwamba wazungu wamegundua mboga inayozibua mishipa, na kwamba juisi yake itamwondolea babu haja ya vidonge vya shinikizo la damu. Lengalenga ni chakula chema; tuile. Lakini jani linaloliwa humeng'enywa tumboni, haliendi kuwa mshipa. Wale wa Worcester hawakumlisha mtu spinachi. Waliiondolea kila kilichoifanya kuwa mboga. Babu akiacha vidonge kwa ajili ya chupa hiyo, anaweza kupatwa na kiharusi, na ninyi mliosoma ndio mnaoweza kumweleza nyumbani, kwa heshima na bila kumwaibisha.

Kwa upande wangu naitazama zaidi hariri. Kiwavi wa hariri hujizungushia uzi mmoja wa mamia ya mita. Uzi huo una protini mbili: fibroini, iliyo uti wa uzi, na serisini, iliyo gundi yake. Gundi huondolewa kwa kuuchemsha uzi, kwa kuwa mwili huweza kuikataa. Fibroini inayobaki ni imara, huvumiliwa na mwili, na, tofauti na selulosi, hubomolewa polepole. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walitangaza kwamba mirija ya fibroini yenye upana wa milimita 1.5, iliyowekwa katika panya, ilibaki wazi baada ya mwaka mmoja kwa kiwango kilichoizidi sana mirija ya plastiki. Panya si mtu, wala sitawaahidi zaidi ya hapo.

Baadhi yenu huuliza katika mikutano kama Kanisa linaruhusu mambo haya. Jambo la kuangaliwa ni chanzo cha seli. Zile za msichana wa Tokyo zilitoka katika mshipa wake mwenyewe. Hati ya Vatikano ya mwaka 2008, Dignitas Personae, inahesabu kuwa halali seli shina zinazopatikana bila kumdhuru sana anayetoa, kama zile za mtu mzima au za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa. Inayokataa ni zile zinazopatikana kwa kuangamiza kiinitete kilicho hai. Kwa kazi niliyoieleza, njia halali ndizo pia zilizofika mbali.

Na zimefika mbali kweli. Seli za misuli kutoka kwa wafu waliojitolea hupandwa juu ya kiunzi cha kuyeyuka, kwa njia iliyotokana na kazi ya Niklason, nazo hufuma mrija wa kolajeni wenye upana wa milimita 6. Kisha seli zenyewe huoshwa na kuondolewa, ili mwili wa mpokeaji usiwe na kitu cha kukataa. Hivyo kiunzi kimeondoka na wajenzi nao wameondoka. Yamebaki mafumo yao tu, ambayo baadaye hukaliwa na seli za mgonjwa. Mshipa huo hutunzwa katika ubaridi, tayari kutumika. Mwaka 2022 ulianza kutumiwa kwa majeruhi wa vita huko Ukraine, na mwezi wa Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha, kwa jina la Symvess, kwa watu wazima wenye majeraha ya mishipa ya mikono na miguu ambao vena zao wenyewe hazifai. Idhini hiyo ilikuja na onyo kali: mshipa huo waweza kupasuka na kumwaga damu kwa namna ya kuhatarisha maisha. Na bei yake ni maelfu mengi ya dola kwa kipande kimoja.

Vijana wa Kivu hawahitaji kuelezwa maana ya majeruhi. Risasi ikikata ateri ya paja, mguu ulio chini ya jeraha hubaki na saa chache tu kabla tishu zake hazijaanza kufa. Naona ni jambo la haki kuuliza mapema, kabla bei haijazoeleka, ni nani atakayeuuza mshipa huo kwa nchi zenye majeruhi wengi na fedha kidogo, na kwa masharti gani. Na kuuliza pia kwa nini vyuo vikuu vyetu visiwe na hata kikundi kimoja kinachojifunza kuosha kolajeni au kuchemsha hariri, kazi ambazo mwanzo wake hauhitaji mashine za ajabu. Kwa sasa mpasuaji wa Goma au wa Bukavu anayempokea majeruhi wa namna hiyo huutazama mguu wake wa pili. Ikiwa ni mzima, huchukua humo kipande cha vena, hukigeuza ili vali zake zisiizuie damu, na kukishona mahali pa ateri iliyokatika.